Bata Mzinga Mwitu: Windo, Kero na Wajibu wa Mfasiri

Mara nyingi mfasiri hutatizwa na jina la kiumbe ingawa lugha yake ina neno la kumtajia. Taabu hutokea pale neno moja linapotwishwa mizigo mitatu kwa pamoja: aina ya kiumbe, mahali aishipo, na uhusiano wake na binadamu. Mizigo hiyo isipotenganishwa, msomaji wa tafsiri hupewa hukumu mahali alipostahili kupewa habari. Katika makala haya tumekusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa ndege mmoja wa Marekani, bata mzinga mwitu, ambaye kwa muda wa miaka isiyozidi mia mbili amekuwa windo, akatoweka, akarudishwa, na sasa ni windo na kero kwa wakati mmoja. Tutafuata historia yake hasa katika jimbo la Massachusetts, kisha tutapendekeza istilahi.

1. Ndege asiye na kwao katika majina

Bata mzinga ni ndege wa bara la Amerika. Aliyefugwa kwanza ni yule wa Mexico, na huko Wahispania walimkuta mwanzoni mwa karne ya 16 wakampeleka Ulaya. Wenyeji wa Amerika walikuwa na majina yake. Waazteki walimwita huexolotl, ndipo Wahispania wa Mexico wakapata neno guajolote. Huko kaskazini, Roger Williams aliandika mwaka 1643 kwamba watu wa Narragansett walimwita neyhom.

Majina hayo hayakuvuka bahari. Waingereza walikuwa wakiagiza kanga wa Afrika kupitia kwa wafanyabiashara wa nchi za Waturuki, wakawaita kuku wa Uturuki. Alipofika ndege wa Amerika wakamhamishia jina hilo, na mpaka leo analo. Waturuki wenyewe humwita hindi, yaani wa India. Wafaransa nao walimwita kuku wa India, na neno lao dinde limetokana na usemi huo. Waholanzi wakamnasibisha na mji wa Calicut, Wareno wakamwita peru, na katika Kiarabu cha Misri yeye ni jogoo wa Kirumi. Hata Linnaeus, alipompa jina la kitaalamu mwaka 1758, alimwita Meleagris, neno ambalo Wagiriki wa kale walikuwa wakimwitia kanga.

Kiswahili hakikuingia katika mkumbo huo kwa ndege huyu, ijapokuwa kiliingia kwa mwenzake: bata bukini ana jina la Bukini, yaani Madagaska. Bata mzinga hakupewa nchi. Wataalamu wa viumbe watasema kwamba yeye si bata hata kidogo, bali ni wa jamii moja na kuku, kwale na kanga. Ni kweli. Lakini katika lugha yetu neno bata limekwisha kuwa jina la ndege wa kufugwa walio wakubwa na wazito wa mwendo, na wasemaji wote huelewana. Istilahi iliyokwisha kukubaliwa na watu haivunjwi kwa sababu tu elimu ya viumbe ina mpangilio wake. Tunashauri jina bata mzinga libaki kama lilivyo.

2. Windo lililokwisha

Walowezi wa Kiingereza walipofika pwani ya Massachusetts katika karne ya 17 waliwakuta bata mzinga wengi katika misitu. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 7 hadi 11, na nyama yake hulisha jamaa nzima. Wenyeji walikuwa wakimwinda kwa nyama na kwa manyoya yake tangu zamani. Walowezi waliwinda pia, tena kwa bunduki na bila ya kikomo cha majira. Lakini jambo lililommaliza zaidi ni shoka. Misitu ilifyekwa ili kupata mashamba, malisho na kuni. Bata mzinga hutegemea miti kwa mambo mawili: hula mbegu zake, na hulala juu ya matawi yake usiku ili kujikinga na maadui. Miti ilipokwisha, ndege naye alikwisha.

Huko Connecticut alitoweka mnamo mwaka 1813. Katika Massachusetts inaelezwa kuwa wa mwisho aliuawa mwaka 1851 katika mlima uitwao Mount Tom. Yafaa kukumbuka hapa kwamba mwaka 1784 Benjamin Franklin, katika barua aliyomwandikia binti yake, alimsifu bata mzinga kuwa ni ndege mwenye heshima kuliko tai aliyewekwa katika nembo ya taifa. Sifa hiyo haikumwokoa.

3. Wavu wa mizinga

Katika karne ya 20 mambo mawili yaligeuka. Kwanza, wakulima wengi wa kaskazini mashariki walikuwa wamekwisha kuyaacha mashamba yao, na misitu ikaota tena. Pili, sheria ya mwaka 1937 iliyojulikana kwa majina ya Pittman na Robertson ilielekeza kodi ya bunduki na risasi katika uhifadhi wa wanyamapori. Hivyo wawindaji wenyewe walichangia gharama ya kumrudisha ndege huyo.

Majaribio ya kwanza hayakufaulu. Majimbo mengi yaliangua vifaranga mabandani, yakawakuza, kisha yakawaachia msituni. Ndege hao hawakujua kumwogopa adui wala kujitafutia chakula, wakafa. Ikaonekana kwamba hapana budi kuwakamata ndege waliozaliwa msituni na kuwahamishia msitu mwingine. Lakini bata mzinga ana macho makali, hukimbia upesi, na hakubali kuingia mtegoni kwa urahisi. Njia ilipatikana mwaka 1951 huko South Carolina, kwa chombo kilichokuwa kimebuniwa kwa ajili ya kunasa ndege wa majini: wavu mkubwa unaorushwa kwa mizinga midogo juu ya ndege walio katika kula. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu kuona kwamba bata mzinga aliokolewa kwa mzinga. Jina lilitangulia, tukio likafuata.

Katika miaka ya 1972 na 1973 ndege 37 walionaswa katika jimbo la New York waliachiwa katika milima ya Berkshire, magharibi mwa Massachusetts. Kufikia mwaka 1980 walikuwa wamezaana kiasi cha kuruhusiwa kuwindwa tena katika majira ya kuchipua. Mwaka 1991 jimbo lilimtangaza kuwa ndege wake rasmi wa kuwindwa. Siku hizi hukadiriwa kuwa wamo kati ya 30,000 na 35,000 katika jimbo hilo, na wote chimbuko lao ni kazi hiyo ya kuwahamisha.

Uwindaji wa sasa una taratibu zake. Mwindaji hukata leseni, hungoja msimu, na katika majira ya kuchipua hupiga madume tu. Hujificha alfajiri, akaiga sauti ya jike kwa kifaa maalumu, akamsubiri dume ajilete mwenyewe karibu na bunduki yake ya marisau. Kwa sheria hizo ndege anaweza kuvunwa kila mwaka bila ya kumalizwa.

4. Mgeni asiyeshika jembe

Jambo ambalo halikutazamiwa ni kwamba ndege huyo hangekaa msituni. Alifuata miti mpaka katika vitongoji, na kutoka vitongojini akaingia mjini. Huko Brookline, kando ya Boston, makundi ya bata mzinga hutembea barabarani, husimamisha magari, hudonoa madirisha na milango ya magari inayong'aa, na mara nyingine humfukuza mpeleka barua au mtoto aendaye shule.

Sababu zake zinaeleweka. Bata mzinga huishi kwa daraja: kila mmoja katika kundi humjua aliye juu yake na aliye chini yake. Ndege aliyezoea watu huwaingiza nao katika daraja hiyo, na yule aonyeshaye woga huwekwa chini. Dume aionapo sura yake katika kioo hudhani ni mpinzani, akaishambulia, hasa katika miezi ya kupandana. Tena watu wengine huwamwagia nafaka kwa huruma. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hulishwa siku zote bila ya kupewa jembe, naye hujiona mwenye nyumba. Ndiyo maana maofisa wa wanyamapori huwasihi watu wasiwalishe, wafunike vioo, na wawafukuze kwa ufagio au kwa maji.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni sheria. Katika Massachusetts ni marufuku kupiga bunduki kwa ajili ya kuwinda katika umbali wa futi 500, yaani kama mita 150, kutoka nyumba inayokaliwa na watu, isipokuwa kwa idhini. Mwananchi haruhusiwi pia kumkamata mnyamapori na kumhamishia mahali pengine. Basi ndege aliye windo halali katika msitu wa Berkshire mwezi wa Mei huwa salama katika ua wa Brookline mwezi huohuo. Ni ndege yuleyule. Kilichobadilika ni mahali anaposimama na mtu anayemtazama.

5. Istilahi tunazopendekeza

Sasa tuirudie mizigo yetu mitatu.

Kwanza, kwa jina la ndege tuandike bata mzinga mwitu, wala si bata mzinga wa porini. Neno mwitu lieleze maisha ya kujitegemea bila ya kufugwa. Neno pori libaki kuwa mahali. Ndege alalaye juu ya mti wa mtaa wa Brookline hayuko porini, lakini ni mwitu. Na wale waliokuzwa mabandani wakaachiwa walikuwa porini, lakini hawakuwa mwitu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaua.

Pili, windo litumike kwa kiumbe ambaye sheria imeruhusu awindwe, na msimu wa uwindaji kwa muda uliowekwa. Tusiseme windo kama kwamba ni tabia ya kiumbe. Ni idhini, nayo yaweza kuondolewa.

Tatu, kwa uhusiano wake na wakazi wa mjini tuandike ndege msumbufu, na hali yenyewe tuiite kero. Tujihadhari sana na neno mharibifu. Katika Tanzania usemi wanyamapori wakali na waharibifu una maana rasmi: humtaja tembo avunjaye ghala na kuua watu. Mwananchi aliyepata hasara kama hiyo hupewa kifuta jasho, na aliyejeruhiwa au kufiwa hupewa kifuta machozi. Hayo ni maneno mazito. Tukimwita mharibifu ndege adonoaye gari, mkulima aliyepoteza shamba zima atabaki na neno gani? Tena mtumishi wa serikali asomaye tafsiri yetu aweza kudhani kuwa sheria ya Marekani inaruhusu ndege huyo auawe popote aonekanapo, hali sheria hiyo inakataza.

Walowezi walimwona bata mzinga kuwa ni nyama tu, naye akamalizwa. Idadi yake katika Marekani nzima ilipata kufikia karibu milioni 7 mwanzoni mwa karne ya 21, na tangu hapo imepungua katika majimbo kadhaa ya kusini mashariki, hata mengine yamefupisha msimu wa uwindaji. Yawezekana basi hali yake ikageuka mara nyingine. Istilahi nzuri ni ile itakayomtaja ndege kwa usahihi leo, na isiyohitaji kufutwa siku sheria itakapobadilika.