Uko Muzima? Maana ya Afya, Ugonjwa na Matunzo Kwetu Njia ya Kasenga

Hapa Kasomeno ni njia panda. Barabara inayotoka Lubumbashi inagawanyika: moja inaenda Kasenga, ingine upande wa Pweto. Asubuhi, mutu akikutana na mwenzake anauliza: « Uko muzima? » Haulizi tu kama ana homa. Anauliza juu yake, bibi yake, watoto, shamba, hata ule ndugu waliogombana naye jana. Kitu kizima ni kitu kisichopasuka. Wenzetu wa Kibemba wanasalimiana « Mwapoleni », neno lenye undugu na kupola, maana yake kupoa na kupona. Kwa wazee wetu, basi, afya ilikuwa utulivu: mwili umepoa, na nyumba nayo imepoa.

Ugonjwa ulikuwa wa namna mbili. Kulikuwa ugonjwa unaokuja wenyewe, kama mafua, kidonda ao tumbo la kuhara. Ule nkambo aliutunza nyumbani kwa mizizi na majani. Lakini ugonjwa ukikataa kupona, swali lilibadilika. Halikuwa tena « unaumwa wapi? », lilikuwa « kuna nini mu jamaa? » Hapo waliita mufumu, ndugu wakakusanyika, kila mutu akatoa neno lililokuwa mu roho yake. Sisemi kama uaguzi uliponyesha malaria. Na ulileta ubaya mukubwa: wazee na wajane walisingiziwa ulozi bule. Ila jambo moja lilikuwa la kweli: mugonjwa hakuachwa peke yake.

Sasa, dawa ya Wazungu iliingia kwetu namna gani? Sehemu kubwa iliingia kwa njia ya malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbungo. Watafiti wa Liverpool, Dutton na Todd, walitembea Kongo kuuchunguza kuanzia 1903. Dutton mwenyewe alikufa Kasongo mu 1905. Kabla ya vita ya 1914, ngambo ya pili ya Luapula, Waingereza walihamisha vijiji mbali na muto. Upande wa Kongo, watu walipangwa mustari, wakapapaswa matezi ya shingo, na waliopatikana na ugonjwa walipelekwa lazareti. Dawa ya wakati ule, atoxyl, ilikuwa na arseniki ndani, na wengine iliwapofusha macho. Mutu aliingia akitembea, akatoka akishikwa mukono.

Ndiyo maana watu walikimbilia pori. Wakubwa wa serikali waliona ni ujinga. Lakini kwa mutu aliyefundishwa kama uzima ni kukaa pamoja na wake, kumutenga mugonjwa na jamaa kulikuwa kuongeza ugonjwa. Tuseme pia haki: malale iliua kweli kweli, na ile kazi ya kutafuta wagonjwa na kuwatunza, pamoja na dawa bora zilizokuja nyuma, iliirudisha sana.

Njia ya pili ilikuwa migodi. Union Minière ilianzishwa mu 1906, Elisabethville ikazaliwa mu 1910. Miaka ya kwanza, wafanyakazi walikufa wengi mu kambi kwa ugonjwa wa mapafu, kuhara damu, halafu ile gripe ya 1918. Karibu na 1928, kompani ilianza kuwatuliza wafanyakazi pamoja na bibi na watoto wao. Ikajenga lopitali na maternite, ikapima watoto kilo, ikatoa posho. Matunzo yalikuwa mazuri, wazee wa kambi wanayasifu mupaka leo. Ila hesabu yake ilikuwa hesabu ya kazi: muzima ni yule anayeweza kushuka mugodini. Gécamines ilirizi mambo hayo. Ilipoanguka mu miaka ya 1990, na watu zaidi ya 10.000 wakatolewa kazini mu 2003 na 2004, jamaa nyingi zilipoteza mushahara na lopitali kwa pamoja.

Kati ya nkambo na kompani alisimama nani? Alisimama yule tunayemuita munganga. Angalia neno lenyewe: ni neno la zamani la mwenye kuponyesha, na tulimupa docteur na muuguzi pia. Wabelgiji walifundisha wauguzi na « assistants médicaux », lakini tarehe 30 juni 1960 Kongo ilipata uhuru bila docteur hata mumoja mweusi aliyemaliza universite. Jason Sendwe, ambaye lopitali kubwa ya Lubumbashi inabeba jina lake, alikuwa « assistant médical » mbele ya kuongoza Balubakat. Mu vijiji, munganga njo alikuwa serikali yote ya afya. Alipiga shindano, alizalisha, na alisikiliza kwa luga ya mugonjwa.

Masomo ya kizungu nayo yalizunguka yakarudi kwetu. Florence Nightingale, aliyetunza askari Scutari kuanzia 1854, alifundisha kama hewa safi, maji safi na mwangaza ni sehemu ya matunzo. Mu 1948 Shirika la Afya Duniani lilisema: afya si kukosa ugonjwa tu, ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na wengine. Nkambo angesikia hayo angejibu: « Si njo tulisema? » Mu 1978, kule Alma-Ata, mataifa yalikubali kama matunzo ya kwanza yawe karibu na watu na pamoja na watu. Zaire ikagawanywa zoni za afya 306; mu 2003 zikawa 515.

Lakini zoni ni karatasi kama mutu anaogopa mulango. Niruhusiwe kusema ya kwetu. Miaka imepita, dada yangu mukubwa alishikwa na kuhara na kutapika. Tulimupeleka kwa kituo kimoja, majani ya mama yakiwa bado yamefungwa mu kitambaa kiunoni. Munganga aliyaona, akacheka mbele ya watu, halafu akauliza feza. Dada aliona haya, akasema turudi. Na sisi, wenye masomo, tulikubali kurudi. Siku ya tatu tulimuzika. Kosa la yule lilikuwa kicheko. Kosa letu lilikuwa kurudi. Kolera, ambayo inajirudia mara kwa mara Luapula na Ziwa Mweru, haingojei mutu amalize haya. Inataka maji yenye chumvi na sukari saa ile ile, na mwendo wa mbio.

Kwa hiyo ninawaambia wanafunzi wangu wanaotaka kusoma uuguzi Lubumbashi: mujifunze vizuri shindano na vipimo, kwa sababu mizizi haishindi kolera. Lakini mbele ya kuuliza « unaumwa wapi? », muulize kwanza « uko muzima? », na mungojee jibu. Na sisi jamaa, tumufikishe mugonjwa mapema, halafu tubaki naye pale pale.