Daraja la Arkadiko

Daraja la Arkadiko, liitwalo pia Kazarma, ni daraja la mawe lililoko mashambani katika eneo la Argolis, kusini mwa Ugiriki. Lilijengwa katika enzi ya ustaarabu wa Mycenae, takriban mwaka 1300 hadi 1190 KK, kwenye barabara ya kutoka Tiryns kwenda Epidaurus.

Si kubwa: lina urefu wa mita 22 na kimo cha mita 4. Njia yake, yenye upana wa mita 2.5 hivi, ina kingo pembeni. Ndiyo maana huaminika kwamba lilikusudiwa magari ya vita ya kukokotwa na farasi.

Ustadi umo kwenye tao. Mafundi walipanga majabali bila chokaa ya kuyashikanisha, kila safu ikichomoza kidogo kupita ile ya chini yake, hadi pande mbili zikakutana juu. Wagiriki wa baadaye walidai kuta za namna hii ni kazi ya majitu yenye jicho moja. Ukiyaona mawe yenyewe, huwezi kuwacheka.

Ngome za Mycenae na Tiryns, zenye ujenzi wa aina hiyo hiyo, ziliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999. Arkadiko yenyewe ni miongoni mwa madaraja ya tao ya kale zaidi duniani yanayopitika hadi leo.