Ua la Mlimani na Kiazi Chake

Historia ya Songea, kama tunavyoifundisha shuleni, aghalabu huanza na watu na vita: kuja kwa Wangoni, kisha Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Ni haki iwe hivyo. Lakini milima ya kusini nayo ina historia, na sehemu yake moja imo katika ua ambalo wengi wetu hulipita bila kulitazama, nalo ni okidi.

Okidi tunazozisema si zile ziotazo juu ya magome ya miti. Hizi huota ardhini, katika majani mafupi ya milimani na kandokando ya mabonde yenye unyevu. Ukitoka Songea kuelekea magharibi utafika Umatengo. Na kutoka pande hizo Milima ya Livingstone huandamana na Ziwa Nyasa kwenda kaskazini, hadi karibu na uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha mita 2,600 hivi. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Katika miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, uwanda huo hufunikwa na maua. Na katika aina zipatazo 350 za mimea zinazojulikana humo, 45 ni za okidi.

Uhai wa ua hili umo chini ya udongo. Kila mmea una viazi viwili: cha zamani, kilicholisha ua la mwaka huu na sasa kimenywea, na kichanga, kigumu, kilicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho cha pili. Akikitwaa, mmea hauna tena cha kuchipua. Wala mbegu hazifidii upesi, kwani ni laini kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa udongoni. Hupita miaka kadhaa kabla ya ua jipya kuonekana.

Huko Zambia viazi hivi hutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vikapikwa mpaka vikagandamana na kukatwa vipande. Chakula hicho huitwa chikanda. Kilianza kuwa chakula cha vijijini. Miji ilipokua kikawa bidhaa ya sokoni. Okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi waligeukia upande wetu wa mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilitoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka.

Sheria haikulala. Tanzania ilijiunga mwaka 1979 na mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ambao hutaka kibali kwa okidi yoyote ivukayo mpaka. Mwaka 2005 Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Hata hivyo, milima mingi imo nje ya hifadhi, na huko mashamba ya viazi mviringo na misonobari huyapunguza majani ya asili. Wala tusiwe wepesi wa kumlaumu mchimbaji. Miongoni mwa wachimbaji wa Makete walikuwamo yatima na watu wa kaya zilizopoteza nguvu kazi kwa UKIMWI. Anayemwambia mtu wa namna hiyo aache jembe hana budi kumwonyesha riziki nyingine.

Lakini iko kazi iliyo yetu sisi watu wa utamaduni. Washairi wetu wamesifu asumini na waridi, maua ya pwani na ya bustani; okidi ya mlimani hatukuisifu, na hata jina lake tumeliazima. Wazee wa Kingoni, Kimatengo na Kikinga wanaijua mimea ya milima yao kuliko vitabu vyetu. Mwalimu na awapeleke wanafunzi kwao. Waulize majina, mahali na majira ya kuchanua, wayaandike, na kila ua waliache udongoni. Tukikawia, watoto wetu watakijua kiazi cha gunia tu, wasijue kamwe kuwa kilikuwa na ua.