Kutoka Lomami hadi Jakarta: Historia Fupi ya Kahawa ya Baiskeli

1. Utangulizi

Katika mitaa ya Jakarta, mji mkubwa kuliko yote nchini Indonesia, wako wachuuzi wengi wauzao kahawa juu ya baiskeli. Nyuma ya baiskeli hufungwa sanduku lenye vikombe na termosi za maji ya moto. Mbele huning'inia pakiti ndogo ndogo za kahawa, zimeungana kama shanga katika uzi. Mchuuzi akiitwa, husimama kando ya njia, huchana pakiti moja, humimina unga kikombeni, hutia maji, hukoroga, hupokea fedha yake, kisha huyoo, amekwenda zake. Wenyeji wamempa jina la utani, starling. Ni ufupisho wa "Starbucks keliling", yaani Starbucks inayozunguka: mkahawa wa kitajiri wa Kimarekani umekejeliwa kwa kupachikwa juu ya magurudumu mawili ya maskini.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kikombe hicho cha bei ndogo kina historia ndefu, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzia Kongo. Kahawa ya Java ilikuwa zao la amri kabla ya kuwa kinywaji cha mtaani. Mmea wa Kongo, na baadaye baiskeli, viliisaidia kuvuka kutoka hali ya kwanza hadi ya pili. Hata hivyo, yule anayeifikisha kwa mnywaji bado hajapata mahali pake barabarani.

2. Zao la amri

Kahawa ililetwa Java na Waholanzi mwishoni mwa karne ya 17. Katika karne iliyofuata, watawala wa jadi wa Priangan, upande wa magharibi wa kisiwa hicho, walitakiwa kuwakabidhi Waholanzi kahawa iliyolimwa na raia wao. Mwaka 1830 Gavana Johannes van den Bosch aliueneza utaratibu wa namna hiyo katika sehemu kubwa ya kisiwa: mkulima alilazimika kulima mazao ya serikali, na bei ikawekwa na serikali hiyo hiyo. Riwaya ya Max Havelaar, iliyotolewa mwaka 1860 na Eduard Douwes Dekker kwa jina la Multatuli, iliwafungulia macho Waholanzi wengi kuhusu mateso yaliyokuwa nyuma ya kahawa yao. Msomaji wa Kongo, ambaye wazee wake walilimishwa pamba kwa lazima kuanzia mwaka 1917, hahitaji maelezo marefu.

Kahawa ya wakati huo ilikuwa arabika, na ile iliyo bora ilipelekwa Ulaya. Huko Sumatra, ambako pia kahawa ilitolewa kwa amri, wakulima wengi walikunywa maji ya majani ya mkahawa yaliyokaushwa motoni, kwa kuwa punje zilikuwa za serikali. Mkono uliochuma haukuwa mkono ulioshika kikombe.

3. Mmea wa Kongo

Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana katika mashamba ya Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Mwaka 1876 ulikwisha fika Java. Arabika ya nchi za chini ikafa, ikabaki ile ya milimani. Wakulima wakajaribu liberika, aina itokayo Afrika ya Magharibi. Nayo haikuwafaa kwa muda mrefu.

Wakati huohuo, katika Dola Huru la Kongo, wataalamu wa mimea walikuwa wakikusanya mikahawa iliyoota katika misitu ya katikati ya nchi, pande za mito Lomami na Sankuru. Mimea hiyo ilipelekwa Brussels, ambako kampuni ya miche iitwayo L'Horticole Coloniale iliiuza kwa jina la Coffea robusta, yaani kahawa yenye nguvu. Miche yake ilifika Java mwanzoni mwa karne ya 20. Ikastahimili kutu, ikazaa sana, ikapenda nchi za chini zenye joto. Haikupita miaka arobaini, robusta ikawa imeshika sehemu kubwa kabisa ya mashamba ya kahawa ya visiwa hivyo. Mpaka leo Indonesia ni miongoni mwa nchi chache za mbele duniani kwa kutoa kahawa, na iliyo nyingi ni robusta.

Matokeo yake kwa mnywaji yalikuwa makubwa. Robusta ni chungu zaidi na bei yake ni ndogo kuliko ya arabika. Yafaa kwa kahawa ya unga inayomwagiwa maji ya moto pamoja na sukari, ambayo Waindonesia huiita kopi tubruk, na pia kwa kahawa ya kuyeyuka. Ndiyo ijazayo pakiti za mchuuzi wa baiskeli.

4. Kutoka bega hadi pedali

Lugha nazo zimehifadhi njia za safari. Kiswahili kilipokea neno "kahawa" moja kwa moja kwa Waarabu. Kiindonesia kilipata "kopi" kwa Waholanzi, ambao neno lao nalo lina asili hiyo hiyo ya Kiarabu. Chombo chenyewe huitwa "sepeda", kutokana na vélocipède ya Kifaransa, ilhali Waswahili wa pwani wakasema "baiskeli" kwa kufuata Kiingereza, na wa Kongo wakasema "kinga".

Kwa jadi, mchuuzi wa Java alibeba bidhaa zake begani kwa mti wenye mizigo miwili. Baadaye akapata mkokoteni wa kusukuma. Muuza kahawa wa Mombasa au Unguja naye alitembea kwa miguu, mkononi dele lenye makaa chini yake, vikombe vikigonganishwa ili watu wasikie. Makaa hayo ndiyo yaliyompa kahawa moto, na ndiyo yaliyomzuia kwenda mbali. Mchuuzi wa Jakarta aliachana na moto: maji huchemshwa alikotoka, termosi huyatunza, na pakiti humwondolea kazi ya kusaga na kupima. Hivyo baiskeli ya kawaida ikatosha kuwa mkahawa.

5. Mahali pa kusimama

Wachuuzi wa barabarani nchini Indonesia huitwa "kaki lima", miguu mitano. Wengine hueleza kwamba ni miguu miwili ya mtu na mitatu ya mkokoteni. Wengine hulirudisha jina hilo kwenye vibaraza vya upana wa futi tano vilivyoamriwa mbele ya maduka wakati wa Waingereza, kama katika mpango wa mji wa Singapore wa mwaka 1822. Kwa maelezo haya ya pili, jina la mchuuzi ni jina la mahali pa kupitia watu. Na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Serikali ya Jakarta imepigana kwa muda mrefu na vyombo vya pedali. Katika miaka ya 1980 maelfu ya becak, baiskeli za magurudumu matatu za kubebea abiria, yalikamatwa na kutupwa baharini. Amri ya mji ya mwaka 2007 kuhusu utulivu wa umma ilikataza biashara katika sehemu zisizoruhusiwa, hata ikamkataza mteja kununua humo. Kwa mchuuzi wa kahawa, ambaye mara nyingi ametoka kisiwa cha Madura kutafuta riziki, pedali zina kazi mbili: kumfikisha kwa mteja na kumwondoa mbele ya askari wa mji.

Tangu mwaka 2020 makampuni, kama Jago, yameingiza vigari vya umeme viuzavyo kahawa iliyotengenezwa papo hapo, na mteja aweza kukiita kigari kwa simu. Wazo ni lile lile la starling. Mtaji ndio mwingine.

6. Hitimisho

Historia hii yafundisha kwamba zao halihesabiwi kuwa la wananchi kwa kuwa limeota katika ardhi yao. Kahawa ya Java ilipata kuwa ya Wajava walipoweza kuinywa kwa bei yao, katika njia yao. Kongo ilitoa mmea, na mpaka leo punje zake nyingi huondoka nchini zikiwa mbichi, kwenda kukaangwa kwa wengine. Mtu anywaye kahawa ya baiskeli huko Jakarta huenda hajapata kusikia jina la Lomami. Lakini mwanafunzi wa Kongo hana sababu ya kutojua kwamba kikombe kile, kwa asili yake, kimetoka kwao.