Kiingereza Nchini India
Kiingereza kiliingia India na wafanyabiashara wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1600. Kwa zaidi ya karne mbili kilibaki lugha ya wachache. Mambo yaligeuka mwaka 1835, ofisa Mwingereza Thomas Macaulay aliposhauri katika waraka kwamba fedha za elimu zielekezwe kwenye Kiingereza badala ya Kisanskriti na Kiarabu. Waraka huo uliyadharau maandishi ya Mashariki, dharau isiyostahili hata kidogo. Baada ya uhuru, Katiba ya 1950 ilikipa Kiingereza miaka 15 tu ya kutumika rasmi kando ya Kihindi. Muda ulipokwisha, mwaka 1965, wasemaji wa Kitamil huko Madras waliandamana. Wengine walijichoma moto, wakikataa kulazimishwa Kihindi. Sheria ya lugha rasmi ilirekebishwa mwaka 1967, na Kiingereza, chenye lafudhi na msamiati wake wa India, kinatumika serikalini mpaka leo.