Simuleta za nyumbani: Ardhini ndege huongozwa kwa miguu

Anayefungua kwa mara ya kwanza programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta yake hudhani kwamba kazi ngumu inamngoja angani. Mara nyingi hushindwa kabla ya kufika huko. Ndege imo maegeshoni, injini inanguruma, breki zimeachiliwa. Mtumiaji anapinda usukani kushoto kama dereva wa gari, lakini ndege inakwenda mbele moja kwa moja hadi kwenye nyasi. Programu haijaharibika. Imetii kanuni ambayo kila mwanafunzi wa urubani huambiwa siku ya kwanza: ndege ikiwa ardhini huongozwa kwa miguu, na mikono ina kazi nyingine.

Usukani ulio mbele ya rubani umeunganishwa na vibawa vidogo vilivyo kwenye ncha za mabawa. Angani vibawa hivyo huilaza ndege upande mmoja, nayo ikageuka. Ardhini, katika mwendo mdogo, hewa inayopita juu yake ni haba mno kuweza kubadilisha mwelekeo wa ndege. Kinachoigeuza ni pedali mbili zilizo sakafuni. Rubani akisukuma pedali ya kushoto, usukani wa mkia hugeukia kushoto, na katika ndege nyingi gurudumu la mbele hufuata. Sehemu ya juu ya kila pedali, inayobonyezwa kwa vidole vya mguu, ni breki ya gurudumu la upande huo peke yake. Hivyo miguu miwili hushika mambo matatu: mkia, gurudumu la mbele na breki mbili zisizotegemeana.

Cessna 172, ambayo pengine imefundisha marubani wengi kuliko ndege nyingine yoyote, inaonyesha mpango huo vizuri. Pedali zake huligeuza gurudumu la mbele nyuzi 10 hivi kila upande. Kona ikihitaji zaidi ya hapo, rubani hukanyaga breki ya upande anaotaka kwenda, na gurudumu hujipinda hadi kufikia nyuzi 30. Cirrus SR22, ndege ya kisasa ya ukubwa unaokaribiana na huo, haina kabisa kiungo kati ya pedali na gurudumu la mbele. Gurudumu lake hujizungukia lenyewe kama la kitoroli cha dukani, na katika mwendo mdogo rubani hugeuza kwa breki tu. Mtu aliyezoea Cessna katika simuleta akihamia Cirrus hushangaa kuona anasukuma pedali na ndege haimsikilizi, mpaka atakapotumia vidole vya miguu.

Kosa la kutumia mikono lina historia yake. Bruce Artwick, aliyeandika tasnifu yake kuhusu picha za kompyuta za urukaji katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1975, ndiye aliyetengeneza programu ambayo Microsoft ilianza kuiuza mwaka 1982. Kwa miaka mingi safari za programu hiyo zilianzia kwenye uwanja mdogo wa Meigs, ukingoni mwa ziwa mjini Chicago. Watumiaji wake hawakuwa na pedali. Wengi walikuwa na kibodi tu. Ukaingizwa basi msaada unaounganisha usukani wa mkia na ule wa mikono, ili mtu mwenye vitufe vichache aweze kugeuka angani bila kuteleza. Msaada huo ulifanya kazi ardhini pia. Ukipinda usukani wa mikono, gurudumu la mbele linageuka. Ulikuwa ukarimu wa kweli kwa wanaoanza, na hadi leo umo katika programu nyingi. Gharama yake ni kwamba hufundisha mikono kazi isiyo yake, na tabia iliyojengwa kwa mamia ya saa haiondoki kwa maelezo ya dakika tano. Kijana anayefika kwenye chuo cha urubani, kiwe kile cha Soroti nchini Uganda kilichoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, au shule za uwanja wa Wilson jijini Nairobi, hukuta mkono wake ukikimbilia kupinda usukani kila ndege inapohama kutoka kwenye mstari.

Anayetaka simuleta imfundishe jambo la kweli ana sababu ya kuuzima msaada huo mapema. Baada ya hapo atahitaji kitu cha kuongozea mkia. Kibodi inawezekana, lakini ni taabu. Katika matoleo mengi ya programu ya Microsoft, kitufe cha 0 upande wa tarakimu hupeleka usukani wa mkia kushoto na kitufe cha Enter kulia, hatua kwa hatua, nao hubaki ulipoachwa mpaka kitufe cha 5 kiurudishe katikati. Anayesahau kitufe hicho cha 5 huzunguka kama tiara iliyokatika uzi. Jostiki ambayo mpini wake unaweza kusokotwa ni nafuu kubwa. Pedali zenyewe ndizo bora, hasa zile zenye breki za vidole.

Pedali mpya nazo huja na mkosi wake, unaowapata watu wengi. Ndege haitembei hata injini ikiwekwa nguvu zote, au hutembea kwa shida huku ikivutwa upande mmoja. Mara nyingi sababu ni kwamba kompyuta inasoma breki kinyume: mguu ukiondolewa inadhani breki imekanyagwa, na mguu ukibonyeza inadhani imeachiwa. Tiba yake ni kuingia kwenye mpangilio wa vidhibiti na kugeuza mwelekeo wa kila breki. Inafaa pia kuacha nafasi ndogo ya ububu katikati ya pedali, ili uzito wa mguu uliotulia usiipindishe ndege, na kupunguza wepesi wa mwitikio karibu na katikati, ambako ndiko rubani hufanya masahihisho madogo madogo. Anayetumia jostiki ya kusokota ahakikishe hayo mara mbili, kwa kuwa mkono unaovuta mpini kuinua pua huusokota kidogo bila mwenyewe kujua.

Ndipo upepo huingia. Mkia wa ndege umesimama wima kama kielekezi cha upepo kilicho juu ya paa, na upepo wa ubavuni huusukuma mpaka pua igeukie unakotoka upepo. Mguu wa upande wa pili hauna budi kujibu wakati wote. Hapa sasa usukani wa mikono hupata kazi yake ya ardhini: upepo ukitoka mbele ubavuni, rubani huupinda kuelekea upepo ili bawa la upande huo lisinyanyuliwe, ukitoka nyuma ubavuni, huupinda mbali na upepo na kuusukuma mbele. Mkono haugeuzi ndege, unaizuia isipinduke. Aliyejifunza kugeuza kwa mikono atafanya kinyume katika hali hii hii. Akitaka kona ya kulia wakati upepo unavuma mbele kushoto, atapinda usukani kulia na kulipa bawa la kushoto nafasi ya kuinuka.

Wakati wa kuruka lipo vuto jingine. Katika ndege nyingi za injini moja panga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa zikitazamwa kutoka kiti cha rubani, na nguvu zikiongezwa pua hukimbilia kushoto. Mguu wa kulia huingia taratibu pamoja na nguvu hizo. Mwendo ukikua, hewa inayopita mkiani huwa nyingi na pedali iliyokuwa nzito kuitikia huwa kali, kwa hiyo mguu hupunguza kadiri ndege inavyokaza mbio. Mpishano huu wa nguvu ni vigumu kuueleza kwa maneno, ila simuleta nzuri huuonyesha vyema.

Kuhusu kasi, kioo cha kompyuta ni mdanganyifu. Picha ni nyembamba, mwili hausikii mtikisiko, na mtumiaji hujikuta akienda kasi ya pikipiki akidhani anatembea. Marubani wa ndege kubwa za abiria kwa kawaida hawapiti kilomita 37 kwa saa kwenye mstari ulionyooka, na hushuka hadi karibu nusu ya hapo kabla ya kona kali. Kipimo cha mwendo wa hewa hakisaidii katika kasi ndogo kama hizo. La kutazama ni kasi ya ardhini inayoonyeshwa na kifaa cha setilaiti.

Ndege hizo kubwa zina utaratibu wao. Pembeni mwa kiti cha rubani kuna gurudumu dogo la mkono lenye kazi moja tu, kugeuza magurudumu ya pua. Katika Airbus A320 hufikisha nyuzi 75, ilhali pedali peke yake hazipiti nyuzi 6; katika Boeing 737 ni nyuzi 78 kwa mkono na 7 kwa pedali. Mkono ni wa kona za maegeshoni na viungio, miguu ni ya kunyoosha ndege inapokimbia kuruka. Simuleta nyingi za nyumbani huweka kazi zote mbili kwenye pedali kwa sababu mtumiaji hana kifaa cha tatu, na ndege ya tani sabini hugeuka kwa wepesi wa bajaji. Isitoshe, rubani wa ndege hizo huketi mbele ya magurudumu ya pua. Akianza kona pale macho yake yanapofika kwenye mstari, magurudumu yatakata njia na kuingia majanini. Lazima apitilize kwanza, ndipo ageuze.

Ugumu huo wa kona si wa kwenye kioo tu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Uhispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia katikati ya ukungu, kwa kuwa njia ya pembeni ilikuwa imejaa ndege nyingine. Ile ya Pan Am iliagizwa kutoka kwenye kiungio cha tatu. Kiungio hicho kilidai kona ya takribani nyuzi 148, kisha nyingine kama hiyo, wakati cha nne kilikuwa na kona nyepesi. Ndege ilikipita cha tatu na ilikuwa bado njiani pale ile ya KLM ilipoanza kukimbia kuruka bila ruhusa. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi.

Kwa sababu hiyo alama za ardhini zinastahili kusomwa hata na anayecheza sebuleni. Mstari wa manjano ulio katikati ya kiungio ndio wa kufuata kwa gurudumu la pua. Kibao cheusi chenye herufi ya manjano husema ulipo. Cha manjano chenye herufi nyeusi husema njia inakoelekea. Chekundu chenye maandishi meupe hukataza kuingia bila idhini ya mnara. Baadhi ya programu huchora utepe unaong'aa ardhini kumwonyesha mtumiaji pa kupita. Anayeufuata utepe hufika, lakini hajui alipopita.

Saa zinazotumika kwenye kompyuta ya nyumbani peke yake hazihesabiwi katika leseni. Zinazohesabiwa ni za mashine iliyoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, mbele ya mkufunzi. Kwa asiye na fedha za kununua programu, FlightGear hutolewa bure tangu miaka ya 1990, na Cessna 172 imo ndani yake. Zoezi la kuanzia ni dogo: kuzima msaada wa mkia, kuweka upepo wa ubavuni, kisha kuizungusha ndege kutoka maegeshoni hadi mwanzo wa njia ya kurukia na kurudi, gurudumu la pua likiwa juu ya mstari wa manjano mwanzo hadi mwisho.