Ilani ya kuvunja mkataba: usiifungie sandukuni

Mfanyabiashara wa Mombasa anayepeleka mchele Kakuma hupitia Kitale na Lodwar. Mvua ikinyesha, mito ya msimu hufurika na lori hukwama. Mara nyingi mvua pekee si udhuru, ila mkataba uitaje.

Ukipokea ilani kwamba umevunja mkataba, usinyamaze. Tazama kifungu kilichotajwa, siku ulizopewa kurekebisha, na zaanza kuhesabiwa lini: ilani ilipoandikwa au ilipokufikia. Jibu kwa maandishi na uhifadhi ushahidi. Ukihitaji siku zaidi, ziombe kabla muda haujaisha. Ahadi ya simu hukanwa.

Wasiposikizana, dai la mkataba nchini Kenya hufunguliwa ndani ya miaka 6. Lisilozidi shilingi milioni 1 lafaa Mahakama ya Madai Madogo.